Kidole Kwenye Kioo

Mwalimu alikuwa amekwisha kata tamaa kabla sijaketi. "Fundi, ifute tu uanze upya," alisema, akinisogezea kiti cha mwanafunzi kilichonifanya magoti yakaribie kidevu. Siku mbili alikuwa akihangaika kuinstoli GCompris (kusakinisha, kama kamusi zinavyotaka), ule mkusanyiko wa michezo ya kufundishia watoto, kwenye kompyuta ya mezani yenye Debian. Kila alipojaribu, kioo kiliishia na maneno yale yale: kifurushi hicho hakionekani.

Futa, anza upya. Ushauri huo mara nyingi hufaulu, na ndiyo maana siupendi. Unakuondolea tatizo na kukunyima jina lake.

Fundi wa Kariakoo aliyenifunza kazi alikuwa na tabia iliyoniudhi mwanzoni. Kompyuta ikigoma, hakugusa kibodi. Alisoma. Alianzia juu kabisa, mstari kwa mstari, akitembeza kidole kwenye kioo mpaka kikajaa michirizi ya jasho na mafuta ya maandazi. Alisema kompyuta ni kama mzee mgonjwa: analolilia kwa sauti ni la mwisho, lakini ugonjwa wenyewe alikwisha utaja wakati anaitikia salamu.

Linux inamfaa mtu wa namna hiyo, kwa sababu haina siri. Apt huvitafuta vifurushi na kuvileta, dpkg huvifungua na kuvipanga mahali pake, na zote mbili husimulia zinachofanya hatua kwa hatua. Ukichelewa kusoma, simulizi inakungoja ndani ya /var/log. Ajabu ni jinsi tunavyoiruka.

Basi nilimwomba Mwalimu arudie tangu mwanzo, tangu apt update, amri ya kuchukua orodha mpya ya programu, ambayo alikuwa akiipitisha bila kuitazama. Katikati ya mistari yake kulikuwa na lalamiko la upole: orodha ya hazina ya programu bado haijawa halali, subiri siku mia mbili na ushee.

Bado. Neno hilo lilinishika. Orodha zile hutiwa saini na kupigwa tarehe, ili mjanja asikupachike orodha kuukuu yenye programu zilizokwisha gundulika kuwa na matundu. Apt ikikuta tarehe ambayo kwake haijafika, huikataa orodha nzima. Na bila orodha, GCompris itaonekana wapi? Lile lalamiko la mwisho lilikuwa la kweli, ila halikuwa na msaada wowote. Niliandika date. Kompyuta ilikuwa ingali inaishi mwaka uliopita.

Nikairekebisha saa kwa mkono, orodha ikashuka. Hapo ningeweza kudai nauli yangu nikaondoka. Lakini saa haipotei bure. Kwa kawaida kompyuta huuliza saa mtandaoni, ila mtandao wa pale ulifunguliwa kwa kurasa za wavuti tu, maswali mengine yakifia mlangoni. Tukaizima, tukachomoa waya wa umeme, tukapiga soga kidogo, tukaiwasha. Mwaka uliopita tena.

Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikapuliza vumbi. Betri inayoitunza saa umeme ukikatika ilikuwa imelala mahali pake, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Mpya hutoa volti 3. Mita yangu haikufika hata 1. Nilisukuma kibanio kwa ncha ya bisibisi, betri ikaruka kama bisi na kuviringika chini ya dawati, na watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakashangilia kana kwamba nimefunga goli.

Tulitia mpya, tukaweka saa, tukachomoa waya tena na kwenda kunywa chai. Tuliporudi kioo kilisema 10:10, saa nne na dakika kumi, sawasawa na simu ya Mwalimu. Nikampisha kwenye kiti aandike amri mwenyewe. Mistari ikaanza kumiminika, naye akaisogelea, akaanzia juu, midomo ikicheza, na kabla vifurushi havijamaliza kushuka nikaona keshaanza kukitia kioo michirizi.