Mji unaomfungia mzee mlangoni

Kiko kitabu kinachostahili kujulikana na kila mtu anayekaa mjini pamoja na baba au mama mzee. Kilitolewa mwaka 2007 na Shirika la Afya Ulimwenguni, nacho chaeleza namna ya kutengeneza miji iwafae wazee. Tukisifu panapostahili sifa, tena tukikosoe panapostahili.

Kwanza sifa. Watungaji hawakuketi ofisini na kuwaza tu mambo ya wazee. Walitaka habari katika miji 33 ya nchi 22, wakawauliza wazee wenyewe, wenye miaka 60 na zaidi, hata wale wenye mali kidogo: Ni nini kinachowasaidia mjini kwenu, na ni nini kinachowazuia? Wamefanya vema. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Majibu yalipangwa katika sehemu 8, na sehemu ya njia na majengo ndiyo yenye faida kubwa kwetu. Humo wazee hawadai makubwa. Wataka pa kukaa kupumzika, njia isiyoteleza, mahali pa kuvukia barabara bila kukimbizwa na magari, taa usiku, na choo cha watu wote.

Pengine kijana atacheka: benchi nalo ni dawa? Ndiyo, ni dawa. Mzee awezaye kwenda mita 200 tu bila kupumzika, akikuta benchi hapo, ataweza kufika mita 400. Mwaka 2020 Shirika hilohilo lilishauri kwamba mwenye miaka 65 na zaidi autumikishe mwili wake kwa kadiri dakika 150 mpaka 300 kila juma, kama vile kwa kutembea kwa bidii, tena afanye mazoezi ya kuimarisha mwili ili asianguke. Lakini atatembea wapi, kama mbele ya mlango wake pana mtaro wenye ubao uliooza? Aliyeanguka mara moja huogopa. Akiogopa, hukaa. Akikaa, miguu hulegea. Na miguu ikilegea, ataanguka kwa urahisi zaidi. Hivyo shimo moja la barabara laweza kumfunga mtu nyumbani mpaka kufa kwake.

Sasa makosa. La kwanza: kitabu kimepanga mambo mengi kwa orodha, yote kana kwamba ni sawasawa. Mkubwa wa komini mwenye fedha kidogo aanzie wapi? Hakimwambii.

La pili: kusikiliza malalamiko si kupima. Mtu apendaye kutembea hutafuta kukaa mahali panapotembeleka. Basi tukiona wazee wa mtaa mzuri wanatembea sana, hatujajua bado kama ni njia iliyowatoa nyumbani, au kama walikuja na tabia hiyo.

La tatu ni zito zaidi. Kitabu chadhani kwamba njia ya waendao kwa miguu ipo tayari. Nairobi imo katika ile miji 33, lakini Lubumbashi haimo, wala Bukavu, wala Kinshasa. Na miji yetu ina historia yake. Pale Lubumbashi, wakati wa ukoloni, serikali iliacha eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na site ya Waafrika. Mfanyakazi alitembea mbali kwa sababu mji ulipangwa hivyo, si kwa kutafuta afya. Na leo wazee wengi wa Katuba au wa Ruashi huenda kwa miguu kwa kukosa nauli. Hao hawana haja ya kuhimizwa watembee. Haja yao ni kufika bila kuvunjika mguu.

Tena kitabu chawahesabu wauzaji wa njiani kuwa vizuizi, pamoja na magari yaliyosimamishwa na theluji! Hapo hatukubali. Mama auzaye sombe na makala pembeni mwa barabara ndiye anayemtoa mama mzee nyumbani kila asubuhi. Hununua kidogo, huongea sana, hurudi polepole. Mfukuze muuzaji: njia itakuwa safi, na mzee atabaki kitandani. Afadhali muuzaji apewe nafasi yake kando, na mpita njia naye apate yake.

Basi hukumu yetu ni hii: kitabu ni chema, kisomwe, lakini kisifuatwe bila akili. Kwetu shurti tuanze na matatu: kufunika mitaro, kuweka viti kivulini, na kuonyesha mahali pa kuvukia karibu na soko, dispensari na kanisa. Wala tusingoje serikali kwa yote. Anayesogeza ukuta wa parseli yake mpaka ukingo wa barabara amemnyang'anya jirani mzee njia yake. Naye akumbuke kwamba atazeeka katika mtaa uleule.