Bustani, Hifadhi au Kinamasi? Nyandungu ya Jana na ya Leo

Mwaka jana tulipewa zoezi lililoonekana jepesi: kila mwanafunzi achague mahali pa umma hapa Kigali, apaeleze kwa Kiswahili katika kurasa mbili, asiazime neno la lugha nyingine pale ambapo Kiswahili kina neno lake. Nilichagua Nyandungu. Nimekulia upande wa Kanombe, na sijui mahali mjini ninapopapenda zaidi. Nilikwama kwenye sentensi ya kwanza. "Nyandungu ni..." Ni nini?

Rasmi panaitwa Nyandungu Eco-Park. Vijana wenzangu husema "pariki" na kuishia hapo. Shangazi yangu, ambaye ameliona bonde lile tangu kabla sijazaliwa, bado anasema anakwenda "mu gishanga", yaani kinamasini. Nilipofungua kamusi nikapata maneno manne: bustani, hifadhi, kinamasi, ardhioevu. Nilidhani kazi yangu ni kuchagua lililo sahihi. Kadiri nilivyoendelea niliona kwamba kila neno linasimulia kwa namna yake jinsi mahali hapo palivyobadilika, na kwamba masimulizi hayo hayapatani.

Nianze na ninachokikumbuka. Nilipokuwa shule ya msingi, bonde lile halikuwa na mlango. Tuliteremka tu. Wakati wa kiangazi sehemu za pembeni zilikauka tukacheza mpira. Masika yakiingia, uwanja wetu ulimezwa na maji, nasi tukahamia barabarani. Watu walilima viazi na mboga kwenye matuta, wengine walichunga, wengine walikata majani ya ng'ombe wakapandisha mlimani na mizigo kichwani. Mikojozi ya taka ilikuwepo pia, siwezi kuificha. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mama alitukataza kunawa humo hata miguu. Anayesema kwamba Nyandungu ya zamani ilikuwa paradiso hakufika, au amesahau.

Kazi ya kulirudisha bonde katika hali yake ilianza mwaka 2016 chini ya mamlaka ya mazingira ya Rwanda, REMA, na milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 2022. Eneo lote ni hekta 121 hivi, kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro. Ukipima kwa viwanja vya mpira, ni zaidi ya 150. Kuna njia za miguu na baiskeli za takriban kilomita 10, mabwawa, bustani ya mimea ya dawa, mgahawa, na miti zaidi ya 17,000 iliyopandwa, mingi ikiwa ya asili. Ndege waliokwisha kuonekana humo ni wa aina zaidi ya 100. Sehemu moja imeitwa bustani ya Papa, kwa kuwa Yohane Paulo wa Pili alisoma misa hapo Nyandungu Septemba 1990.

Mtu akisoma aya hiyo atasema: neno ni bustani, kuna nini cha kubishania? Na kweli, Jumamosi alasiri, ukiona maarusi wakipigwa picha kando ya maji na watoto wakifukuzana na baiskeli za kukodi, neno bustani linakuja lenyewe mdomoni. Bustani ni mahali pa kupumzika, palipopangwa ili jicho lifurahi. Lakini bustani hupimwa kwa uzuri. Ukiiita Nyandungu bustani, utaanza kuulamu udongo wake kwa kuwa na tope, na mafunjo yake kwa kuziba mandhari. Nimewasikia wageni wawili wakilalamika hivyo hivyo: kwamba upande wa ndani "hapajafyekwa". Wao walikuja bustanini, na bustani isiyofyekwa ni uzembe.

Ila yale mafunjo ndiyo kiini cha mahali. (Kinyarwanda chasema urufunzo, wanaotuambia kwamba Kiswahili ni lugha ya ng'ambo wasikilize hapo.) Mvua kubwa ikinyesha, mapaa ya mabati na lami ya vilima vinavyolizunguka bonde haviwezi kunywa hata tone. Maji yote yanateremka kwa kasi pamoja na udongo, mafuta ya magari na takataka. Yakifika kwenye mabwawa ya juu yanapunguza mwendo, matope yanatuama; yakiingia kwenye mafunjo yanapita polepole kati ya mashina na mizizi, na mizizi inakula sehemu ya uchafu ulioyeyuka. Yanapotoka upande wa chini yametulia na kusafika kiasi. Kinamasi ni sifongo na ni chujio. Hiyo ndiyo kazi iliyofanya fedha zote zile zitumike, na ndiyo sehemu ya mabadiliko ninayoisifu bila kusita. Waliopanga njia za miguu walifanya jambo la busara: walizipitisha mahali ambapo unaweza kuiona kazi hiyo ikifanyika. Simama karibu na bwawa la juu nusu saa baada ya mvua, kisha tembea hadi mwisho wa maji. Hakuna darasa la jiografia lililonieleza jambo hilo vizuri hivyo.

Neno la pili ni hifadhi. Huku Afrika Mashariki, hifadhi ni Akagera, ni Serengeti, ni mahali pa wanyama ambapo binadamu anaingia kwa ruhusa. Lina ukweli wake pia. Nyandungu ina mlango na tiketi, na mwenyeji analipa pungufu kuliko mtalii. Sipingi tiketi yenyewe, kwani njia zinahitaji kufagiwa na mabwawa kuzolewa matope, na fedha haziokotwi. Lakini tiketi inabadilisha uhusiano. Zamani nilikuwa mpita njia, sasa ni mgeni. Mgeni huja amevaa vizuri, hutazama, hununua soda, hurudi nyumbani. Mwenyeji ana shughuli. Ndiyo maana katika watu ninaowaona humo, vijana wenye simu nzuri ni wengi na wazee wa mitaa ya jirani ni wachache.

Mwezi wa nane nilimchukua shangazi. Alikuwa hajawahi kuingia tangu pafunguliwe. Alitembea kimya mwanzoni, mkoba kaukumbatia kama yuko ofisini kwa watu. Tulipofika kwenye mimea ya dawa akachangamka: alianza kunitajia mmoja mmoja, huu ni wa tumbo, huu wa mafua ya mtoto, huu babu yako alikuwa anautafuna akiumwa jino. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akasimama kusikiliza, kisha binti yake, kisha wote tukawa kundi la watu sita na shangazi akiwa mwalimu. Tulipofika kwenye mafunjo akaniuliza, "Na haya majani yote anakata nani?" Nikamjibu hakuna anayekata. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema ng'ombe wake wawili walilelewa na bonde hili, na ada ya shule ya baba yangu ilitoka kwenye maziwa yao.

Hapo ndipo nilipopata hoja niliyokuwa naitafuta. Simulizi inayopendwa kuhusu Nyandungu ni ya picha mbili: kabla, uchafu, baada, uzuri. Picha hizo si za uongo. Ila katika picha ya "kabla" watu wapo kama sehemu ya uchafu. Mkulima wa matuta na mkata majani wamewekwa kundi moja na chupa za plastiki. Katika maelezo niliyokwisha kuyasoma kuhusu mahali hapo nimewakuta miti, ndege na Papa. Maziwa ya shangazi sijayakuta. Sisemi ng'ombe warudishwe. Ukulima ule uliliharibu bonde, na shangazi mwenyewe anakiri kwamba miaka ya mwisho majani yalikuwa haba na maji yalinuka. Lakini mtu anaweza kuwa amekosea matumizi ya mahali na bado akawa anapafahamu kuliko mpandaji miti aliyekuja baadaye.

Waswahili wa Zanzibar wanayo bustani yenye funzo kuhusu majina. Bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, ilianzishwa miaka ya 1930 ikaitwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa wa Zanzibar. Ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Leo jina lile la jubilei linakumbukwa na wanahistoria tu. Watu wanasema Forodhani, kwa sababu hapo palikuwa pa forodha, pa kutozea ushuru wa bidhaa zilizoshushwa. Jioni watu hula mishikaki na kunywa juisi ya miwa mahali ambapo jina lake bado linataja mizigo na mahesabu. Kazi imekwisha, jina la kazi limebaki, na bustani haijapungua uzuri kwa hilo.

Basi nikachagua kinamasi. Najua linavyosikika. Kwa Mswahili kinamasi ni mbu, homa na kukwama. Hata katika lugha ya kisiasa, aliyeingia kinamasini hana habari njema. Ardhioevu ni neno safi, la wataalamu, na sina ugomvi nalo, ila sijamsikia mtu akimwambia rafiki yake "tukutane ardhioevuni saa tisa". Kinamasi kinataja maji, tope na kazi. Kinamruhusu shangazi kuingia kwenye sentensi bila kubadilisha nguo.

Suala hili si la kamusi pekee. Baada ya Nyandungu, kazi kama hiyo imeanza katika vinamasi vingine vya Kigali: Gikondo, Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo. Gikondo palikuwa na viwanda vilivyohamishwa, na katika mabonde ya mji kaya nyingi zimeondolewa. Kote huko kutatengenezwa njia, mabwawa na viti, na picha mbili zitapigwa tena. Kote huko wapo watu waliolala, waliolima, waliofua, waliochoma mahindi kando ya barabara. Ningependa mmoja wao alipwe mshahara wa kuwatembeza wageni, awaonyeshe maji yanapopita masika na yanapojificha kiangazi. Hilo halihitaji hekta hata moja ya ziada. Nyandungu yenyewe ingeweza kuanza kesho, na ninamfahamu mwalimu mmoja wa mimea ya dawa ambaye angekubali, akilipwa nauli.

Zoezi langu lilirudi likiwa na alama nzuri. Neno kinamasi lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara tisa, na pembeni mhadhiri ameandika: "Ardhioevu?" Nilimfuata ofisini kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama shangazi bado ana ng'ombe, kisha akaniambia niandike makala.