Mwendokasi wa Dar es Salaam na Abiria Wadogo

Kwa mtoto mdogo, sehemu ngumu ya safari ya mjini ni zile sekunde chache za kupanda na kushuka. Daladala ina ngazi ya juu, mlango mwembamba na konda anayehimiza watu wapande upesi gari liondoke. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na begi begani hulazimika kumnyanyua mmoja, kujishikilia na kutafuta nauli kwa wakati mmoja. Akipata kiti, mtoto hupakatwa; asipopata, mtoto husimama amebanwa katikati ya miguu ya watu wazima. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo wakazi wanayaita mwendokasi, hayakubuniwa kwa ajili ya familia zilizokuja kutembea. Hata hivyo, namna vituo vyake vilivyojengwa imepunguza sehemu kubwa ya taabu hiyo.

Awamu ya kwanza ilianza kubeba abiria Mei 2016, kwenye njia za takriban kilomita 21 kwa jumla: njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo. Mfano wake ulitoka Amerika ya Kusini. Mji wa Curitiba, Brazili, ulianza kuyatengea mabasi njia zake mwaka 1974, na mwaka 1991 ukaleta vituo vyenye umbo la bomba, ambamo abiria hulipa kabla basi halijafika na huingia ndani bila kupanda ngazi. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ukaukuza mpango huo kuanzia mwaka 2000. Dar es Salaam ilichukua kanuni hizohizo.

Kituo kimewekwa katikati ya barabara, na sakafu yake imeinuliwa ikalingana na sakafu ya basi. Kwa kuwa magari ya Tanzania hupita kushoto, milango inayotumika hapo iko upande wa kulia wa basi. Kimo kile ambacho abiria wa daladala hukipanda kwa hatua mbili za haraka bado kipo, ila kimehamishiwa kwenye mteremko wa kuingilia kituoni, mahali ambapo hakuna anayemharakisha mtu. Mtoto wa miaka mitatu anaupanda mwenyewe kwa mwendo wake. Habari ya nauli nayo humalizika dirishani na getini, kabla basi halijaonekana. Huduma ilipoanza, mtu mzima alilipa shilingi 650 kwenye njia kuu na mwanafunzi shilingi 200. Mlango unapofunguka, mzazi ana kazi moja tu, kumshika mtoto na kuvuka.

Ufanisi wa mpango huu unategemea sana mkono wa dereva. Akilisogeza basi mpaka likaribiane na ukingo wa kituo, mtu huvuka bila hata kutazama chini. Akisimama mbali kidogo, hubaki mwanya ambao mtu mzima hausikii, lakini mguu wa mtoto unaweza kuzama humo. Ndiyo maana ni salama zaidi mtoto ashikwe mkono na mtu aliyekwisha kuingia, huku mwingine akimfuata nyuma. Ndani ya basi refu, pale kiungo kilipo katikati, sakafu huzunguka kila basi linapokata kona. Hapo si mahali pa kumsimamisha mtoto.

Kituo cha katikati ya barabara kina gharama yake, nayo si ndogo. Kila anayekwenda kupanda lazima kwanza avuke njia za magari ya kawaida. Wakati wa foleni magari hayo husimama kabisa, na mtoto akiyaona yametulia huamini barabara nzima imetulia. Lakini njia ya mwendokasi haina foleni, na basi hupita hapo kwa kasi. Mtoto asiachiwe mkono mpaka geti lipitwe. Katika mfumo mzima, hili ndilo jambo linalostahili kuangaliwa kuliko yote.

Tatizo la pili ni msongamano. Asubuhi watu wanatoka Kimara kwenda mjini, jioni wanarudi, na abiria wa vituo vya kati kama Manzese huweza kuyaona mabasi kadhaa yakifika yakiwa yamejaa. Kwenye daladala wakazi wamezoea kugeuza nalo, yaani kupanda gari linaloelekea mwisho wa njia ili warudi nalo wakiwa wamekaa. Familia isiyo na haraka ya kazini ina njia rahisi zaidi: isafiri kati ya saa nne na saa nane mchana, na inapowezekana ianzie kituo kikuu, ambako basi hupakia upya.

Mvua hubadilisha hesabu zote. Barabara ya Morogoro hukatiza bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, na mto ukifurika barabara hufungwa. Karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa bondeni humo na imefurika mara kadhaa. Uamuzi huo umeugharimu mfumo sana. Siku za masika ni vizuri kuuliza hali ya Jangwani kabla ya kuondoka nyumbani.

Anayefika salama mjini hupata mengi ndani ya eneo dogo. Kituo cha Kivukoni kiko jirani na Feri, penye soko la samaki na kivuko cha kwenda Kigamboni. Kutoka hapohapo au Posta ya Zamani, mtoto anayeweza kutembea atafika kwa miguu Makumbusho ya Taifa, karibu na Bustani ya Mimea. Wenye watoto waliochoka humalizia kwa bajaji. Wapatane bei kabla ya kuingia, na mtoto akae katikati ya watu wazima wawili, maana ubavu wa bajaji uko wazi. Bodaboda haifai kwa safari hii: kupakia mishikaki, yaani zaidi ya abiria mmoja, ni kosa kisheria, na familia haiwezi kukaa pamoja juu ya pikipiki moja bila kulitenda.