Kufunga kifuniko cha Monza kwenye MGB

Wamiliki wengi wa gari la MGB hununua kifuniko cha Monza kwa ajili ya sura yake. Ni kifuniko kizito cha tangi la mafuta, kimepakwa kromu, kina bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, na hufunguka kwa kusukumwa na kidole gumba. Asili yake ni mashindano ya masafa marefu kama Saa 24 za Le Mans. Huko shingo pana ya tangi na kifuniko cha kufunguka mara moja viliwaokolea mafundi muda kila gari lilipoingia kujaza. Aston Martin DB4 GT ya mwaka 1959 ilikuwa na vifuniko viwili vya aina hiyo, kimoja kila ubavu wa nyuma. MGB ya Abingdon, Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ni gari la kawaida zaidi, lakini Monza inaipendeza kweli, nami siwalaumu wanaoitamani. Ninachodai ni kwamba anayeifunga ajue kuwa amegusa mfumo wa mafuta, na aifanye kazi hiyo kwa uzito uleule ambao angeupa mfumo wa breki.

Kabla ya kununua, jiulize tangi lako linapumulia wapi. Tangi la MGB nyingi hubeba galoni 12 za Kiingereza, yaani karibu lita 54, na pampu ya umeme ya SU huyavuta mafuta hadi kwenye karbureta. Kadiri mafuta yanavyotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, ndani ya tangi shinikizo hushuka, pampu huzidiwa, na gari huzima njiani wakati mafuta bado ni tele. Dereva akifungua kifuniko husikia hewa ikivutwa kwa mluzi, na baada ya hapo gari huwaka bila shida. Wapo waliobadilisha pampu na kusafisha karbureta huku ugonjwa uko kwenye kifuniko. Hatari ya upande wa pili ni joto. Petroli hutanuka: tangi lililojaa likipanda joto kwa nyuzi 20 hutoa karibu lita moja ya ziada, na lita hiyo haina pa kwenda ila juu, shingoni.

MGB za awali hupumua kupitia kifuniko chenyewe. Zile za soko la Marekani za miaka ya 1970 zina mfumo uliofungwa: mvuke hupita kwenye bomba hadi kwenye kopo la mkaa ndani ya chumba cha injini, na kifuniko hakitakiwi kupitisha chochote. Monza huuzwa yenye tundu la kupumulia na isiyo nalo. Ukiweka isiyo na tundu kwenye gari la awali, litazima. Ukiweka yenye tundu kwenye gari la kopo la mkaa, buti na gereji vitanuka petroli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni ukitafuta cheche.

Ufungaji wenyewe si mrefu. Gari litolewe nje, waya hasi wa betri ufunguliwe, na pasiwe na moto wala mashine ya kukata karibu. Asikudanganye mtu kwamba tangi tupu ni salama: lililobaki na mvuke huwaka upesi kuliko lililojaa. Shingo isitobolewe kwa drili, kwa sababu chembe za chuma zitaishia kwenye pampu. Kitako cha Monza huvishwa juu ya shingo na kubanwa kwa skrubu ndogo zisizo na kichwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Skrubu moja ikikazwa hadi mwisho kabla ya nyingine, bati jembamba la shingo hupinda, duara huwa yai, na hakuna sili itakayoziba yai. Kaza kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Zungusha kitako mapema hadi kifuniko kifunguke bila kugonga rangi au bampa, na bomba la kujazia liingie bila kulazimishwa.

Udhaifu mkubwa wa Monza umo katika umbo lake. Hushikwa mahali pawili tu, bawaba na komeo. Bawaba ikiwa na uchezaji hata kidogo, sili hubanwa vizuri upande wa komeo na kulegea upande wa bawaba. Kagua hilo kwa ukanda wa karatasi: ubane chini ya kifuniko, uvute, kisha rudia kuzunguka duara zima. Pale ukanda unapotoka kwa urahisi, ndipo petroli itakapotokea. Sili za koki hukauka na kupasuka, na mipira mingi ya zamani hudhoofishwa na ethanoli, jambo zito tangu Uingereza ilipoifanya E10, yenye ethanoli, kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021. Tafuta sili ya naitrili bora au ya Viton.

Kuna jambo moja ambalo hurukwa karibu kila mara. Shingo ya MGB imeunganishwa na tangi kwa bomba la mpira, na inapopenya bodi ya nyuma imezungukwa na mpira pia. Chuma kilichotengwa hivyo kinaweza kukusanya umeme tuli wakati wa kujaza. Pima kwa mita kati ya kitako na bodi. Umeme usipopita, funga waya mfupi wa kuviunganisha.

Jaribio la mwisho lifanywe tangi likiwa limejaa. Mdomo wa kujazia mafuta wa MGB uko nyuma upande wa kulia, chini, hivyo mafuta huukimbilia gari linapokata kona ya kushoto na linapoondoka kwa kasi. Endesha hivyo mahali salama, simama, pangusa chini ya kifuniko kwa kitambaa cheupe. Kikilowa, rudi kwenye bawaba na sili.

Kanuni za leo za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa aina nyingi za magari ya mashindano hukataza kifuniko kinachochomoza nje ya bodi, na hutaka komeo lisilofunguka kwa kishindo cha ajali. Monza huchomoza, na komeo lake liko wazi kwa chochote kitakacholigonga kutoka nyuma. Kwa hiyo chagua yenye kufuli. Nchini Uingereza ukaguzi wa kila mwaka hutazama kifuniko cha mafuta, lakini tangu 2018 magari mengi yaliyozidi miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo, na MGB zote za Abingdon zimeshauzidi umri huo. Mkaguzi umebaki wewe. Na muuzaji asiyeweza kukuambia kama kifuniko chake kinapumua au hakipumui, usinunue kwake.