Fumbo la Mjini: Kanga, Daladala na Utani wa Dar es Salaam

Tunapotamka neno utamaduni mbele ya wanafunzi wetu, aghalabu mawazo yao hukimbilia kijijini. Huona ngoma za mavuno, wazee wakisimulia ngano penye moto, na vinyago vilivyochongwa na mababu. Mji hauingii katika picha hiyo. Mji huhesabiwa kuwa mahali pa kazi, biashara na misongamano, mahali ambapo mila hufika zikiwa zimechoka, zikafa. Dhana hii ina asili yake. Mwalimu Julius Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, shabaha mojawapo ilikuwa kuzirudishia heshima ngoma na sanaa ambazo ukoloni uliwafundisha wananchi kuzionea haya. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini katika kuifanya, kilichotafutwa zaidi kilikuwa kile cha kale na cha shamba. Kilichozaliwa mjini kikaachwa kijilee chenyewe.

Nacho kimejilea. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika Dar es Salaam watu 272,821. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Watu hawa, waliotoka katika kila pembe ya nchi, hawakuacha ndimi zao kijijini. Walikuja nazo, wakazichanganya na ulimi wa pwani waliyoikuta, na kutokana na mchanganyiko huo wakaunda michezo ya maneno ambayo mgeni huiona kuwa vituko tu. Rai yetu katika makala hii ni kwamba vituko hivyo, yaani majina ya kanga, maandishi ya daladala, utani wa Simba na Yanga, na vijembe vya taarab, ni matawi ya mti mmoja. Mti wenyewe ni sanaa ya kusemana kwa mafumbo. Tena twadai kwamba kuifurahia sanaa hii hakutoshi. Yapasa pia ihukumiwe, kwa kuwa sanaa isiyo na hakimu huteremka polepole hadi ikawa matusi.

Na tuanze na kanga, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na kila nyumba. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na kila kipande kina sehemu tatu: pindo linalokizunguka, mji ulio katikati, na jina, ambalo ni maneno yaliyochapwa chini ya mji. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Vazi hili lilienea katika mwambao wa Afrika ya Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Uhuru lilichapwa pia nyumbani, kwa mfano katika kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kwa hiyo mwanamke wa Magomeni au Temeke anayechagua kanga dukani anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anachagua nguo, na anachagua neno. Atakapojifunga, jina litakaa nyuma, chini ya kiuno. Yeye mwenyewe hatalisoma; litasomwa na yule anayemfuata au anayemtazama akipita.

Hapa ndipo ulipo ustadi wa sanaa hii. Mvaaji amesema, na hakusema. Jirani akiuliza kwa ukali neno lile lilimlenga nani, jibu li tayari: kanga hii nimeinunua, sikuiandika mimi. Jirani naye akinyamaza, amepata nafasi ya kulitafakari neno bila kuaibishwa mbele ya watu. Ugomvi umesemwa, lakini haukupigana. Wahenga walisema kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Twaweza kuongeza kwamba mjini fumbo ni heshima anayopewa mwerevu, kwa kuwa limeuachia uamuzi moyo wake.

Lakini si kila jina la kanga lina ustadi huo kwa kiwango kimoja, na hapa ndipo kazi ya mhakiki inapoanza. Tuchukue misemo miwili inayojulikana na kila mkazi wa jiji. Wa kwanza ni “Hasidi hana sababu.” Wa pili ni “Mwenye wivu ajinyonge.” Mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu mizani ataona mara moja kwamba misemo hii miwili ni sawa kwa umbo: kila mmoja una mizani minane, kipimo kile kile cha mshororo wa utenzi na cha nusu ya mshororo wa shairi. Hata maudhui yake yanakaribiana, kwani yote miwili inasema juu ya kijicho. Basi tofauti yake i wapi?

Tofauti i katika namna kila mmoja unavyomtendea msikilizaji. “Hasidi hana sababu” hautoi amri wala hautishi. Unaeleza tabia ya binadamu, na maelezo hayo yanamhusu kila mtu, akiwamo mvaaji mwenyewe. Anayeusoma hulazimika kujiuliza: je, chuki niliyo nayo ina sababu? Msemo umekuwa kioo. “Mwenye wivu ajinyonge,” kwa upande mwingine, umekwisha kutoa hukumu na adhabu. Haukumwachia msomaji swali lolote. Unachekesha mara ya kwanza. Mara ya kumi umekuwa kelele. Mizani ni ile ile, lakini mmoja ni fumbo na mwingine ni kofi. Ukiweka kando ya hiyo msemo wa tatu, “Japo sipati tamaa sikati,” utaona ustadi wa namna nyingine: vina vya ndani, sipati na sikati, vinaufunga msemo kama fundo, na maana yake inaweza kuwa ya mapenzi, ya riziki, au ya siasa, kwa kadiri ya macho ya anayesoma. Mshairi asiyejulikana jina amefanya kwa maneno manne kazi ambayo wengine huifanya kwa beti nne.

Kutoka katika kanga twaweza kupanda daladala bila kubadili somo. Magari haya ya abiria ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi mwaka 1983, wakati Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilipokuwa limezidiwa na wingi wa wasafiri. Jina lake latokana na nauli ya siku zile, shilingi tano, ambayo sarafu yake iliitwa dala. Haukupita muda mrefu kabla madereva na wenye magari hawajaanza kuandika maneno kwenye vioo na mabodi: methali, dua, majigambo, majina ya wachezaji mpira, na vijembe kwa wasiojulikana.

Maandishi haya ni ndugu wa jina la kanga, ila mazingira yake ni tofauti. Kanga husomwa na jirani, mtu anayemfahamu mvaaji. Daladala husomwa na umma usiomfahamu dereva. Ndiyo maana maandishi ya daladala hupenda ufupi na ukali zaidi, na ndiyo maana mengi yake hayaishi. Yale yanayodumu ni yale yanayomkuta abiria katika hali yake. Mtu aliyebanwa katika foleni jua kali, akisoma nyuma ya gari lililo mbele yake neno la subira, hucheka kwa sababu neno limekuwa kweli mbele ya macho yake kuliko alivyokusudia aliyeliandika. Foleni yenyewe imekamilisha utungo. Tangu mwaka 2016 sehemu ya wasafiri wa jiji imehamia katika mabasi ya mwendokasi, yenye sura moja ya shirika na yasiyomwachia dereva nafasi ya kuandika neno lake. Hatuyalaumu mabasi hayo, maana yamepunguza taabu. Twasema tu kwamba kila utaratibu mpya wa mji hufuta ukuta mmoja wa kuandikia, na kwamba ni vyema kilichoandikwa kikusanywe kabla hakijapakwa rangi.

Tawi la tatu ni utani wa mpira. Klabu ya Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Wapinzani wao walianza mwaka 1936, wakapitia majina kadhaa hadi wakaitwa Simba mwaka 1971. Klabu zote mbili zina mizizi Kariakoo, moja katika makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, nyingine katika mtaa wa Msimbazi. Wapenzi wake huitana watani wa jadi, na neno hili halikuchaguliwa ovyo. Katika jadi zetu utani ni uhusiano wenye sheria. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani: mmoja ana ruhusa ya kumkejeli mwenzake hata msibani, lakini ni yeye huyo huyo anayetarajiwa kusaidia katika mazishi. Ruhusa ya kucheka imefungwa pamoja na wajibu wa kusaidia.

Mji umeichukua sheria hiyo ukaivika jezi. Siku ya pili baada ya mechi, kwenye vibaraza vya kahawa na maofisini, aliyefungwa hana budi kuja na kukaa na kusikiliza. Akijificha nyumbani, amevunja sheria. Akikasirika, ameivunja zaidi. Na anayekejeli naye hana ruhusa ya kwenda zaidi ya mpira. Akigusa dini ya mwenzake, kabila lake au ufukara wake, hadhira ile ile iliyokuwa ikicheka itamnyamazia. Ukimya huo ni uhakiki. Ni hukumu isiyoandikwa, inayotolewa na watu ambao huenda hawajasoma kitabu chochote cha nadharia ya fasihi, na twaona kuwa ni hukumu sahihi.

Tukija kwenye taarab, tunakutana na sanaa yetu ya mafumbo ikiwa imepanda jukwaani. Kila aliyehudhuria onyesho lake anaijua desturi ya kutunza: msikilizaji huinuka, hucheza taratibu hadi mbele ya mwimbaji, na kumpa fedha hasa pale linapoimbwa neno analotaka kulifanya lake. Kwa kitendo hicho wimbo mmoja wapata maana nyingi kwa usiku mmoja, maana kila anayetunza ameuelekeza kwa mtu wake. Mshairi wa kwanza aliutunga. Mshairi wa pili ndiye yule aliyeinuka kitini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Ushindani wa Tanzania One Theatre, kikundi kilichoundwa mwaka 1992, na Muungano Cultural Troupe ulijaza kumbi za jiji kwa nyimbo za mipasho, ambamo upande mmoja uliusema upande wa pili waziwazi, na wa pili ukajibu. Wapo waliozishutumu nyimbo hizo zote kuwa upotovu. Hatukubaliani nao. Mipasho iliwapa wanawake wa mjini jukwaa la kusema bila kuomba ruhusa, na ilileta uchangamfu ambao taarab ya vitini ilikuwa imeanza kuupoteza. Lakini hatuwezi kukubaliana pia na wale wasemao kwamba kwa kuwa watu walishangilia, basi sanaa ilikuwa njema. Wimbo unaomtaja adui wazi humnyima kila msikilizaji mwingine nafasi ya kuinuka na kuufanya wake. Na ugomvi ulioubeba ukisha, wimbo nao hauna pa kukaa.

Kutokana na mifano hii twaweza kupendekeza vipimo vitatu. Kwanza, je, usemi una maana mbili au zaidi, ama una moja tu? Pili, je, unamwachia anayesemwa njia ya kutoka kwa heshima, hata akacheka pamoja na wengine? Tatu, je, mtu asiyejua ugomvi uliouzaa anaweza bado kuupenda? Usemi unaoshinda vipimo vyote vitatu ni fasihi, hata kama umeandikwa nyuma ya gari lililochakaa. Usemi unaoshindwa vyote ni tusi, hata kama umeimbwa kwa vinanda ishirini.

Walimu wa sekondari za mjini wanalalamika mara kwa mara kwamba wanafunzi wao hawana mifano ya fasihi simulizi, kwa kuwa bibi zao wako mbali. Twawaomba wawatume wanafunzi hao sokoni na kituo cha basi. Kila mmoja alete majina kumi ya kanga na maandishi kumi ya magari. Darasani yahesabiwe mizani, vitafutwe vina, kisha liulizwe swali gumu zaidi: nani anamsema nani, na kwa nini hakusema wazi? Mwanafunzi atakayejibu swali hilo atakuwa amejifunza jambo la lugha na jambo la uraia kwa pamoja. Mji wa watu milioni tano, wanaobanana katika mabasi, vibaraza na nyumba za kupanga, hauwezi kukaa kwa amani ikiwa kila mtu atalimeza lake, wala ikiwa kila mtu atalitapika. Wakazi wa Dar es Salaam walitafuta njia ya katikati, nayo ni fumbo. Tukiwaachia watoto wetu kicheko chake bila kuwafundisha sheria zake, watarithi kelele. Tukiwafundisha vyote viwili, watarithi mji.