Mizani iliyokula pamba

Insha ya fasihi ya kidato cha nne, ile ya somo la Kiingereza, ni utanzu kamili, na nashangaa wahakiki wetu wanaupita kama hawauoni. Ina mwanzo wake, "It is true that", ina hoja zake zilizopangwa kama matofali, na ina hitimisho linalorudia mwanzo neno kwa neno. Nafundisha Kiingereza hapa Bariadi. Kuna wiki nasoma insha 60 kuhusu Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala na Unanswered Cries ya Osman Conteh, na zote zimetungwa na mtu mmoja ambaye hayupo darasani: yule aliyeandika madesa yanayotolewa fotokopi mjini. Humo Adyeri ni mlevi, basi. Olabisi ni jasiri, basi. Kwamba ni binti wa miaka 14 anayekwepa kukeketwa, na huenda aliogopa, halisemwi.

Sarufi ya insha hizo ni safi, lakini usafi wenyewe ni wa kuazima. Mpe mtoto huyohuyo mada ambayo haina desa uone.

Niliwahi kutoa mada ya siku ya kuuza pamba. Kwa Simiyu hiyo ni mada ambayo hakuna nyumba isiyoijua. Binti mmoja akaandika: "The scale it ate our cotton and my father he kept quiet." Madaftari yale nilisaidiana kuyasahihisha na mwalimu mwenzangu, na hilo likaangukia kwake. Kalamu nyekundu ikapita juu ya sentensi nzima, pembeni akaandika kwamba mizani haili.

Sasa tuisome sentensi ile kama wahakiki. Makosa yamo, tena mawili, na yana chanzo kimoja. Kwa Kiswahili tunasema mizani ilikula, baba alinyamaza. Kitenzi hakisimami bila kiambishi cha nafsi, hata mtenda akiwa ameshatajwa. Binti amechukua ile i- na ile a-, akazitafsiri kwa uaminifu kabisa: "it", "he". Hilo linarekebishwa kwa dakika tano ubaoni ukilijua lilikotoka. Neno "ate" ni habari nyingine. Ndilo neno pekee katika daftari zima lililobeba kilo zilizopotea na mzee aliyeshindwa kubishana na mnunuzi. Kalamu nyekundu haikutofautisha kosa na tamathali.

Na kalamu hiyo ina kazi kubwa huku, sikatai. Watoto wengi wanatoka nyumbani na Kisukuma, lugha isiyotofautisha l na r, wanakutana na Kiswahili shuleni, halafu kidato cha kwanza wanaambiwa karibu kila somo sasa ni kwa Kiingereza. "Price" inaandikwa "plice". Wazee wa kike wanaitwa "he", kwa kuwa lugha zetu mbili hizo hazina habari na jinsia kwenye kiwakilishi. Waingereza Criper na Dodd walishaandika mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha sekondari zetu hakitoshi kufundishia, kisha wakashauri kiendelee kufundishia. Ripoti ya ajabu ile.

Ninachokipinga ni mwalimu kusoma prufu peke yake. Ukimrudishia mtoto ukurasa uliojaa damu, anatazama alama, anafunga daftari. Mimi siku hizi nachagua kosa moja kwa kipindi. Leo ni vitenzi tu: kila mmoja apigie mstari vitenzi vyake, aulize nani katenda na ametajwa mara ngapi, kisha amsomee jirani yake kwa sauti. Makelele ni mengi. Mkuu wa shule alishawahi kuchungulia akidhani darasa halina mwalimu.

Kambi za kitaaluma zilizoupa mkoa huu jina enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka sizibezi, watoto walisoma kweli. Ila kambini ni pepa juu ya pepa, na pepa haimpi mtoto nafasi ya kulirudia andiko lake mwenyewe akalisoma kwa jicho la mtu mwingine.

Binti wa pamba alilirudia lake. Toleo la pili: "The scale ate our cotton. My father kept quiet." Ile nukta ya katikati sikumfundisha, aliiweka mwenyewe, na baba sasa ananyamaza peke yake kwenye sentensi yake. Mwenzangu nimemwonyesha. Bado anasema mizani haili.