Kipimo cha Ukaribu na Umbo la Kiswahili

Katika mwaka 1999 Rourke, Anderson, Garrison na Archer, wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, walitoa kipimo cha ukaribu baina ya wanafunzi walio mbalimbali, wajadilianao masomo yao kwa kuandikiana katika kompyuta. Huhesabiwa salamu, mzaha, kutajana majina, neno «sisi» na dalili nyingine. Kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya maneno, ikapatikana kadiri yake katika kila maneno 1000. Kazi hiyo ni ya uangalifu, nayo imefuatwa na wengi.

Lakini kanzu hii ilikatwa kwa mwili wa Kiingereza. Katika Kiswahili «sisi» hukaa ndani ya kitenzi: «tutawasomea» ni neno moja, ambalo Kiingereza hulitakia maneno matano. Atafutaye «sisi» peke yake ataikosa karibu kila ilipo. Tena, kwa kuwa maneno ni machache, salamu zile zile zitaonekana kuwa nyingi zaidi. Ingefaa kuhesabu viambishi.

Na salamu yenyewe? Mwanafunzi amwandikiaye mkubwa wake «Shikamoo» ametimiza adabu tu. Huenda hana ukaribu naye hata kidogo. Marafiki ndio waingiao bila hodi.